Mwisho wa Vuli: Tumuachie Mtoto Jumapili Yake



Sifa zote njema ni za Allah (SW), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), aali zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu wazazi, mvua za vuli zinaelekea ukingoni. Hapa Kigali huanza Septemba na kutuaga Desemba, na katika siku hizi za mwisho wa Novemba mara nyingi hunyesha mchana au jioni. Asubuhi huwa kumetulia, vumbi limelala, vilima vimekuwa kijani mpaka juu. Ndiyo saa njema ya kumtoa mtoto mdogo nje. Lakini ndiyo saa ambayo katika familia nyingi za Biryogo na Nyamirambo mtoto wa miaka minne au mitano haonekani nje. Jumatatu hadi Ijumaa yuko shule. Jumamosi yuko madrasa. Jumapili yuko madrasa tena. Mchana mvua ikishuka, anapewa simu ya mama ili atulie, na hapo wiki imekwisha.

Sisi ni walimu wa madrasa, na tunajua kuwa neno tunalotaka kulisema litawashangaza baadhi ya wenzetu. Tunaona kwamba mtoto ambaye hajatimiza miaka saba aachiwe Jumapili mbili katika kila mwezi, asije madrasa, atoke na wazazi wake wakacheze. Tunasema hivi kwa kuipenda dini na kwa kumpenda mtoto, na tunawaomba mtusikilize mpaka mwisho.

Je, mchezo ni upuuzi?

Wapo wazazi wacha Mungu wanaoona kuwa kucheza na mtoto ni kupoteza wakati ambao ungetumika kwa dhikri. Wasiwasi huu si mpya. Sahaba Hanzala (RA) alimwendea Mtume (SAW) akiwa na hofu kuwa amekuwa mnafiki. Alieleza kwamba wanapokuwa mbele ya Mtume (SAW) wakikumbushwa Pepo na Moto ni kana kwamba wanaviona kwa macho, lakini wakirudi nyumbani wakashughulika na wake, watoto na mali, husahau mengi. Mtume (SAW) hakumwambia awaache watoto. Alimfahamisha kuwa kuna saa ya hili na saa ya lile, na akalirudia neno hilo mara tatu. Hadithi hii imo katika Sahih Muslim.

Tazama pia mpango wa umri. Mtume (SAW) ametuagiza tuwaamrishe watoto sala wanapofika miaka saba, kama ilivyopokewa na Abu Daud. Ikiwa sala, ambayo ni nguzo ya dini, imewekewa miaka saba ndipo iamrishwe, vipi mtoto wa miaka minne abebeshwe ratiba ya siku saba kwa wiki bila pumziko? Kumzoesha ni jambo jema, na kumfundisha Faatiha na sura fupi ni jambo jema. Lakini kumzoesha ni kitu kimoja, na kumchosha ni kitu kingine.

Alichokikumbuka Mahmud

Imamu Bukhari katika Kitabu cha Elimu ameweka mlango unaouliza: ni lini mtoto mdogo husihi kusikia kwake hadithi? Chini ya mlango huo ameleta habari ya Mahmud bin Rabii (RA). Mahmud anasimulia kwamba analikumbuka tukio moja la Mtume (SAW), wakati yeye akiwa na miaka mitano. Tukio lenyewe ni lipi? Mtume (SAW) alichukua maji ya ndoo mdomoni akampulizia usoni.

Basi! Maji usoni. Wanavyuoni wamelieleza jambo hilo kuwa ni kumchezea mtoto na kumliwaza, pamoja na baraka iliyomo. Na kwa habari hiyo ya mchezo, wengi katika wanavyuoni wa hadithi wakachukua miaka mitano kuwa umri ambao mtoto anaweza kuhesabiwa kuwa amesikia na kuhifadhi. Yaani mojawapo ya kanuni za elimu tukufu ya hadithi imesimama juu ya kumbukumbu ya mtoto aliyechezewa kwa maji.

Ndugu mzazi, hebu tafakari. Mtoto wako wa miaka mitano atakapokuwa na miaka arobaini, atakumbuka nini juu yako? Sisi tunakaa na watoto hawa. Mwulize mtoto jina la baba yake, atalitaja. Mwulize baba hufanya kazi gani, atakuambia. Mwulize, "Wiki iliyopita wewe na baba mlicheka nini?" Wengi hunyamaza wakakutazama. Baba wanamjua kama mtu anayelipa ada na anayeitwa pakiwa na adhabu. Mtoto wa namna hiyo akifika miaka kumi na tano akapata jambo zito moyoni, atalipeleka kwa rafiki zake, kwa sababu kwa baba hakuwahi kuzoea kupeleka hata kicheko.

Aya wanazozisoma bila kuzitazama

Wengi wa wadogo zetu wanahifadhi Juzuu Amma. Wakifika Suratul Ghashiya, kuanzia aya ya 17 hadi ya 20, wanasoma kwa sauti nzuri maneno ya Allah (SW) yanayomtaka mwanadamu aangalie ngamia alivyoumbwa, mbingu zilivyoinuliwa, milima ilivyosimikwa na ardhi ilivyotandazwa. Ngamia kweli hatuna hapa. Lakini mbingu, milima na ardhi? Tunaishi katika nchi inayosifika kwa vilima elfu, na mtoto anasoma aya ya milima akiwa ametazama ukuta.

Mpeleke juu ya Mlima Kigali, ule unaoinuka nyuma ya Nyamirambo. Mwonyeshe mji ulivyotandazwa chini. Kisha msomee aya ile ile aliyoihifadhi. Mwonyeshe maharage yaliyopandwa mwanzoni mwa mvua na umkumbushe aya ya 50 ya Suratur Rum, ambapo Allah anatuamrisha tutazame athari za rehma Yake, jinsi anavyoihuisha ardhi baada ya kufa kwake. Mwonyeshe mbayuwayu. Wengi wa mbayuwayu hawa wametoka Ulaya, wamevuka bahari na jangwa kukimbia baridi, na Machi au Aprili watarudi huko. Mtoto atauliza, "Nani aliwaonyesha njia?" Hapo ndipo penye darasa la tauhidi, wala hukuandika kitu ubaoni.

"Hatuna pesa"

Jambo hili husemwa sana, na kwa kweli maisha ni magumu. Kwa hivyo familia nyingi husubiri Idd. Lakini kutoka Idd kubwa mpaka Idd ndogo ni zaidi ya miezi tisa. Miezi tisa katika umri wa mtoto wa miaka minne ni sehemu kubwa ya maisha yake.

Matembezi tunayoyasema hayahitaji mfuko mnene. Tangu mwaka 2016 mji wetu umekuwa na siku za kufungia magari baadhi ya barabara kuu, na tangu 2018 zimekuwa Jumapili mbili kwa mwezi, asubuhi. Watu hukimbia, huendesha baiskeli na kutembea bila kulipa kitu. Pale Biryogo penyewe upo mtaa uliofungwa magari na kupakwa rangi, ambapo mtoto anaweza kukimbia huku wazazi wakinywa chai. Mwenye uwezo wa kulipa kiingilio anaweza kwenda bustani ya Nyandungu, kinamasi kilichofufuliwa na kufunguliwa kwa watu mwaka 2022, au kijiji cha Umusambi wanakotunzwa korongo wenye taji waliookolewa baada ya kufugwa majumbani, ambao baadhi yao hawawezi tena kuruka. Mtoto akiona ndege asiyeweza kuruka kwa sababu ya mikono ya watu, msimulie habari ya Abu Umair, mtoto mdogo aliyefiwa na kidege chake, na Mtume (SAW) akawa anamliwaza kwa upole.

Asiye na uwezo huo hata kidogo anayo njia ya nyuma ya nyumba. Wapo kumbikumbi baada ya mvua, wa kukimbizwa. Yapo madimbwi. Upo mpira wa majani makavu ya mgomba. Chukueni chupa ya chai, mandazi na mkeka mmoja, mswali Dhuha huko huko, na mrudi kabla ya Adhuhuri. Na mama naye aende akapumzike, asiwe mtu wa kubaki jikoni akiwaandalia wengine furaha. Mtume (SAW) alishindana mbio na mkewe Bibi Aisha (RA). Nyumba isiyo na baba, basi mjomba, babu au kaka mkubwa ashike nafasi hiyo, naye ana ujira wake kwa Allah.

Ndugu zetu walioko Brussels wana udhuru mkubwa kuliko wetu. Huko mwisho wa Novemba majani yameanguka, baridi imeingia, na Magharibi inaingia kabla ya saa kumi na moja jioni. Hata hivyo wapo wanaowavalisha watoto makoti wakaenda nao bustanini kuokota majani makavu. Sisi tuliopewa mwanga wa kutosha mwaka mzima tutajibu nini?

Mvua na hofu ya mbwa mwitu

Wengine wataogopa mvua. Anas (RA) amepokea, kama ilivyo katika Sahih Muslim, kwamba mvua iliwanyeshea wakiwa na Mtume (SAW), naye akafunua sehemu ya nguo yake ili mvua imguse, akaeleza kuwa imetoka karibuni kwa Mola wake. Basi matone machache yasimtishe mtoto wala mzazi. Mfundishe ile dua fupi ya kumwomba Allah aijaalie mvua iwe yenye manufaa, kisha mwache anyooshe kiganja.

Lakini tahadhari ni wajibu. Katika Surat Yusuf, nduguze Yusuf walipomwomba baba yao amruhusu mtoto aende nao akafurahi na kucheza, Nabii Yaakub (AS) hakusema kuwa mchezo ni mbaya. Alichokiogopa ni mbwa mwitu, nao wakiwa wameghafilika. Mbwa mwitu wa vuli yetu ni mitaro inayojaa ghafla kwenye miteremko: mshike mtoto mkono, asichezee mtaro. Ni radi: ikianza kusikika ingieni ndani ya nyumba, msijikinge chini ya mti. Ni mbu: jioni avae nguo ndefu na usiku alale ndani ya chandarua. Na ni simu ya mzazi mwenyewe, maana baba aliye bustanini akitazama simu ameghafilika vile vile.

Pendekezo letu

Mwaka 2022 serikali ilibadilisha saa za kazi na za shule, ikaanza kutumika Januari 2023. Kazi sasa huanza saa tatu asubuhi na shule saa mbili na nusu, na moja ya sababu zilizotajwa ni ustawi wa familia. Ikiwa watawala wa dunia wamelitazama jambo hili, sisi watu wa madrasa tuna haki zaidi ya kulitazama.

Jumamosi ibaki ya madrasa, isipokuwa ile ya mwisho wa mwezi ambayo wazazi wako kwenye umuganda na mambo huchelewa. Jumapili mbili, zile zile za kufungwa barabara, watoto walio chini ya miaka saba wawe na wazazi wao. Wakubwa waendelee na masomo.

Mtauliza, na hifdhi je? Fanyeni hesabu. Jumapili mbili zenye saa tatu kila moja ni saa sita kwa mwezi. Mzazi akikaa na mtoto dakika 15 kila siku baada ya Magharibi, kwa siku 30 ni saa saba na nusu. Mtoto amepata zaidi, na mzazi naye amekumbushwa sura alizokuwa amezisahau. Kwa hivyo Jumapili hizi si likizo ya mzazi. Atakayemwacha mtoto nyumbani na televisheni hajatuelewa, na huyo ni heri amlete madrasa.

Salman (RA) alimwambia nduguye Abu Dardaa (RA) kwamba Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki juu yake na ahli zake wana haki juu yake, na kila mwenye haki apewe haki yake. Mtume (SAW) alipopewa habari akasema kuwa Salman amesema kweli. Mtoto wa miaka minne ni katika ahli. Haki yake hawezi kuidai mahakamani, na miaka yake hii haitarudi. Mvua za vuli zitakuja tena mwakani, naye atakuwa amekua.

Walimu wenzetu wenye rai nyingine watuandikie, tushauriane kwa wema. Tunamwomba Allah (SW) awajaalie watoto wetu wawe kitulizo cha macho yetu, na sisi tuwe kumbukumbu njema kwao. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.