Dalili ya Mvua ni Mawingu

Sisi wa milima ya Usambara twazijua mvua. Mchuma chai wa Kwamkoro aonapo wingu limetanda juu ya msitu hangoji kuloa ndipo asadiki. Hutafuta sitara mapema. Lakini mwanamke akabwapo koo na mumewe, sisi hao hao wajuzi wa mawingu husema, "Ya mke na mume hayaingiliwi." Akifa twalia, na kusema shetani alipita.

Shetani hakupita. Mwaka wa 1985 muuguzi Jacquelyn Campbell wa Marekani alianza kupanga dalili zinazotangulia mauaji ya namna hii, na tafiti zimezithibitisha: kipigo kinachozidi siku hadi siku, kitisho cha kuua, silaha nyumbani, wivu wa kumfungia mke kila njia, kumpiga akiwa mja mzito, na hasa kumkaba koo. Aliyekwisha kukabwa, hatari ya kuuawa humzidia mara saba hivi. Tena hatari hupanda mke anapoondoka. Basi kumwambia "ondoka" bila ya kumwandalia pa kukaa na wa kumlinda ni nusu ya shauri. Na kumrudisha kwa mumewe kwa suluhu ya kikao kimoja ni kumpeleka machinjoni.

Majirani zetu wameyaona. Rebecca Cheptegei wa Uganda alikimbia marathoni ya Olimpiki mjini Paris Agosti 2024. Septemba 5 mwaka huo alifariki hospitalini Eldoret, Kenya, kwa majeraha ya kumwagiwa petroli na kuchomwa moto na mwanamume aliyepata kuishi naye. Wazazi wake walisema ugomvi huo ulikwisha kufikishwa polisi. Mawingu yalionekana; nani aliyapima?

Wapo watakaotujibu kwamba huu ndio utamaduni wetu. Utamaduni upi? Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, yakataza mtu kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Na wahenga waliosema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, walisema pia wakipatana chukua kapu ukavune. Maiti hapatani na mtu.

Walimu, wafundisheni vijana kumuuliza dada, shangazi au jirani anayepigwa: Je, amepata kukukaba? Ametishia kukuua? Wewe mwenyewe waamini aweza kukuua? Akijibu ndiyo, mfikisheni siku hiyo hiyo kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Mvua haingoji wazee wamalize kikao.