Gundi juu ya Kioo Kinachojisafisha

Huenda kijana wako amepata kibarua cha kusafisha vioo katika hoteli huko Karatu au Ngorongoro. Akikuta paa la kioo lenye madoa ya gundi ya silikoni, asishike wembe! Vioo vingine, vilivyoanza kuuzwa mwaka 2001, vina utando mwembamba mno wa oksidi ya titani upande wa nje. Jua huvunja uchafu, mvua huuchukua. Utando ukikwaruzwa hautengenezeki, na kijana aweza kukatwa mshahara. Kwanza amwage maji kuondoa vumbi letu jekundu, maana nalo hukwaruza. Kioo kikikauka, apanguse polepole kwa kitambaa laini chenye spiriti kidogo, mbali na moto, kisha aoshe kwa sabuni na maji mengi. Maji yakitandaa, doa limetoka. Yakifanya matone, silikoni bado ipo.