Mzani Hausemi Yote

Katika mitaa ya Kinondoni na Temeke si ajabu kuona turubai limetandazwa na chini yake meza ya kupimia afya: mzani, kifaa cha kupimia urefu na mashine ya presha. Kijana akipanda mzani, na uzito wake ukalingana na urefu wake, huambiwa yu salama akaenda zake. Hukumu hiyo ya haraka ndiyo tunayoihoji leo. Tunaihoji kwa manufaa ya Visiwani pia, kwani mzani wa Unguja na Pemba hautofautiani na ule wa Mbagala.

Kipimo kinachotumika hugawanya kilo za mtu kwa mraba wa urefu wake wa mita. Anayepata kati ya 18.5 na 25 huhesabiwa kuwa na uzito wa kawaida. Hesabu hiyo ilibuniwa katika karne ya 19 na Mbelgiji Adolphe Quetelet, ambaye alikuwa mwanatakwimu, si tabibu. Kwa kuhesabu umma inafaa. Kwa kipimo hicho, utafiti uliochapishwa mwaka 2011 uliwakuta asilimia 19.2 ya watu wazima 1,249 wa Kinondoni wakiwa na unene wa kupindukia: wanawake asilimia 24.7 na wanaume asilimia 9. Hatuna ubishi na takwimu hizo. Wasiwasi wetu ni juu ya wale waliobaki, hasa vijana, kwani mzani hautambui kama kilo ni za misuli au za mafuta.

Mwaka 2004 jarida la kitabibu la The Lancet lilionyesha picha ya madaktari wawili, Yajnik wa India na Yudkin wa Uingereza. Kwa kipimo cha Quetelet wote wawili walikuwa sawasawa, 22.3. Lakini mafuta ya mwili wa mmoja yalikuwa asilimia 9.1, na ya mwenzake asilimia 21.2. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani, wakichunguza watu zaidi ya 6,000 wenye uzito wa kawaida, waliona kwamba theluthi yenye mafuta mengi zaidi ilikabiliwa na mkusanyiko wa presha, sukari na mafuta mabaya ya damu takriban mara nne kuliko theluthi yenye mafuta machache.

Mafuta ya hatari zaidi ni yale yanayojificha tumboni, yakalizunguka ini na utumbo. Huidhoofisha insulini, sukari ikapanda, presha ikafuata, na mishipa ya moyo ikaanza kuziba polepole. Haya yote hutokea bila maumivu, na shati likificha kitambi kidogo.

Tumtazame dereva wa bodaboda wa Tandika. Hukaa juu ya pikipiki tangu alfajiri, mchana hula chipsi mayai kwa soda, na usiku hurudi kijiweni. Hatumwiti mvivu. Chipsi ziko karibu na hupatikana upesi, na viwanja vingi alivyochezea mpira utotoni vimejengwa maduka kwa vibali ambavyo watendaji wa serikali wanajua vilitoka wapi.

Ni kweli kwamba mipaka ya mafuta inayotajwa vitabuni imetokana zaidi na miili ya Wazungu na Waasia, na haifai kunakiliwa kijinga. Ndiyo sababu tunahitaji vipimo vyetu wenyewe. Uchunguzi mkubwa wa maradhi yasiyoambukiza uliofanywa Zanzibar mwaka 2011 na Tanzania Bara mwaka 2012 uliwahusu watu wa miaka 25 hadi 64. Kijana wa miaka 19 hakuulizwa.

Wakati tukisubiri utafiti, kamba inatosha kuanzia. Tangu mwaka 2022 taasisi inayoshauri huduma za afya Uingereza imependekeza kiuno kisifikie nusu ya urefu wa mtu. Kamba ikatwe kwa urefu wa kijana, ikunjwe katikati, izungushwe kiunoni. Ncha zisipokutana, apimwe presha na sukari hata kama mzani umempongeza. Wizara za afya za pande zote mbili hazihitaji mfadhili kwa kazi hiyo. Halmashauri za Kinondoni na Temeke zinaweza kuianza katika zahanati zao, na fomu za afya za wanafunzi wanaojiunga na vyuo ziongezewe mstari mmoja tu, wa kiuno, kabla ya muhula ujao.