Mkebe Ule Ule, Uzito Mwingine

Quality Street, chokoleti za mseto zilizoanza kutengenezwa Halifax, Uingereza, mwaka 1936, ni mgeni wa siku nyingi katika sinia za Idi kule Ghuba, na jamaa watokao safari hutuletea hata sisi wa pwani. Mwaka 2022 karatasi zake za kung'aa zilibadilishwa, zikawa za kuweza kutengenezwa upya. Wengi walilalamikia urembo uliopotea. Lakini mwaka huo huo ndoo yake ya plastiki huko Uingereza ilishuka kutoka gramu 650 hadi 600, na hili lilikuwa zito zaidi. Muuzaji hakupunja, kwani uzito ameuandika. Basi mnunuzi wa zawadi, soma gramu kwanza, kisha utazame rangi.