MAZUNGUMZO YA NYUMBANI: Chembe ya Ngano katika Nchi ya Mpunga



Tulikuwa wageni katika nyumba moja ya Wingwi, kaskazini mashariki ya kisiwa cha Pemba. Jioni, baada ya chakula, ikasomwa ile sura ya kumi na mbili ya Injili ya Yohana, Bwana anaponena habari za chembe ya ngano iangukayo katika nchi ikafa. Kitabu kilipofungwa mtoto mmoja akauliza, "Baba, ngano ikiwa shambani ikoje?" Babaye akafikiri, kisha akajibu kwa unyofu kwamba maandazi na chapati amekula tangu utoto wake, bali shamba la ngano hajaliona kwa macho. Akatugeukia sisi. Nasi tukajibu maneno machache yasiyotosha, na tangu siku ile twajua ya kuwa tuna deni. Leo twalilipa.

Watu wa Wingwi hupanda muhogo na mtama katika ardhi yao ya mawe, na mpunga mabondeni. Ngano haiwafai, kwa maana yapenda baridi. Hata Tanzania bara hulimwa katika nyanda za juu, kama Hanang na Makete. Pemba hupata unga wake kwa vyombo vya baharini, katika magunia. Ndiyo sababu wako wasemao kwamba mifano ya ngano ni ya watu wa mbali, nasi hatuna sehemu ndani yake. Haya hatuyakubali. Ni kweli kwamba mpunga haukutajwa hata mara moja katika Biblia nzima. Lakini mwenye kulima mpunga yu karibu na wakulima wa Galilaya kuliko mtu wa mjini anunuaye mkate dukani kila asubuhi.

Mkulima wa Palestina alingoja mvua za kwanza, mnamo Oktoba na Novemba, ardhi ipate kulainika, ndipo akapanda. Shayiri ilitangulia kuiva, karibu na Pasaka. Ngano ikafuata, na sikukuu ya mavuno yake ilikuwa baada ya majuma saba, ndiyo Pentekoste. Torati iliagiza siku hiyo iletwe mikate miwili ya unga mpya. Wengi wetu husoma habari za Pentekoste tukaona ndimi za moto tu, tusikumbuke kwamba mji ulikuwa umejaa watu waliokuja kushukuru kwa ngano.

Masuke yalichukuliwa mpaka uwanjani, mahali palipoinuka penye upepo, ng'ombe wakayakanyaga, kisha watu wakayarusha juu ili makapi yapeperuke na nafaka ianguke. Mama wa Wingwi apepetaye kwa ungo, akaona kumvi zikienda na upepo, amekwisha kuyafahamu maneno ya Yohana Mbatizaji kabla mwalimu hajafungua kinywa.

Hapo kwenye magugu, lakini, lugha yetu imetupunguzia jambo. Msomaji asikiapo "magugu" hudhani ni majani yoyote ya shambani, akawaona watumwa wa mfano ule kuwa wavivu wa kupalilia. Sivyo. Mmea ule adui alioupanda wadhaniwa kuwa aina ya nyasi ifananayo mno na ngano tangu kuchipua hata kutoa masuke. Na mbegu zake zikisagwa pamoja na ngano zaweza kumletea mlaji kizunguzungu na kutapika. Mkulima wa mpunga ana mfano wake karibu: mpunga mwitu, umdanganyao hata mzoefu mpaka utoe masuke. Tena mizizi hushikana, ukivuta huu na ule waja. Nyumba ya Kikristo iliyo peke yake kijijini kati ya majirani Waislamu, wanaopeana moto na chumvi na kuzikana, na iusome mfano huu polepole. Waliotaka kung'oa walikuwa watumwa. Mwenye shamba hakutaka.

Na mkate? Zamani zile si kila mtu aliyekula wa ngano. Katika Ufunuo bei imeandikwa: kwa dinari moja mtu hupata kipimo kimoja cha ngano au vitatu vya shayiri. Mikate mitano ya yule mtoto kando ya ziwa ilikuwa ya shayiri, chakula cha maskini, kama mkate wa mofa wa mtama kwetu. Nabii Ezekieli naye aliambiwa afanye mkate wa ngano uliochanganywa na shayiri, na jamii ya kunde, na mtama pia. Twapenda sana jambo hili. Na waliotafsiri Biblia iliyotolewa mwaka 1952, walipofika kwenye Sala ya Bwana, waliandika "riziki" mahali ambapo ndugu zetu Wakatoliki husema "mkate". Kila upande una hoja yake. Sisi huona kwamba neno riziki limemwingiza mtu wa muhogo mezani. Hata hivyo Wakatoliki hushika kanuni kwamba mkate wa Ekaristi uwe wa ngano tupu, hapo hapana mtama. Nao Marafiki, walioanza kazi Pemba mwaka 1897, mwaka ule ule utumwa ulipoondolewa nguvu ya sheria visiwani, hawakuwa na ibada ya mkate na divai kabisa.

Turudi kwenye chembe. Mwanafunzi mwerevu atamwambia mwalimu wake kwamba mbegu iliyokufa haioti. Mwalimu asimkemee. Ndani ya punje mna kiini kidogo kilicho hai, na kando yake wanga mwingi. Punje ikipata maji, wanga ule huliwa na kiini mpaka uishe, na ganda huoza. Ukifukua baada ya siku kadhaa punje uliyoipanda huioni tena. Imetumika yote. Nayo huweza kutoa mabua kadhaa, kila moja na suke lake.

Haya tungaliweza kuyaeleza usiku ule. Lakini baada ya jibu letu fupi mama wa nyumba, aliyekuwa akisikiliza kimya, aliinuka, akaonyesha juu ya meko, penye kikanda cha ukindu kilichokuwa cheusi kwa moshi.

"Mwanangu, kile nini?"

"Mbegu ya mpunga, mama."

"Mwaka jana, kabla ya mvua, mlipolala kwa uji wa muhogo siku tatu, ukalia, kilikuwa wapi?"

Mtoto akakitazama kikanda. "Kilikuwa pale pale."

"Kimejaa?"

"Kimejaa."

"Na mvua iliponyesha nikakipeleka wapi?"

Mtoto hakujibu. Babaye akaipunguza taa, na sisi tukaenda kulala.