Daftari la mama limefika Louisville

Nashuhudia kwamba kuandika safari yako na Mungu si kazi bure.

Mama yangu alifika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, akitokea Fizi, Kongo. Huko alianza kuandika katika kaunta buku: kushoto tarehe, katikati ombi, kulia nafasi tupu ya kungojea jibu. Leo daftari hilo lipo mezani kwangu hapa Louisville, Marekani. Kurasa zimeshika wekundu wa vumbi la kambi, na baadhi ya nafasi zile ni tupu hadi leo. Hizo ndizo zinazonifundisha saburi kuliko zilizojazwa.

Watoto wake tumeirithi desturi hiyo. Dada yangu wa Buffalo, tufani ya theluji ilipowafungia ndani Krismasi ya 2022, aliandika kila usiku aliyoyaogopa na aliyoyashukuru. Kaka yetu wa Columbus huandika mistari mitatu tu akitoka zamu ya usiku, kabla hajalala.

Katika Yoshua 4, Waisraeli walitoa mawe 12 katika Yordani ili watoto wao watakapouliza, wapate kuelezwa. Sisi tuliohamahama hatuwezi kubeba mawe, lakini daftari linaingia mkobani.

Wazazi wenzangu, andikeni, tena kwa Kiswahili. Siku wajukuu watakapouliza Mungu alitutoaje huko tulikotoka, wakute mwandiko wenu wenyewe.