Neno la Mhariri: Jol na Pani

Ukiketi na Wabengali, sikiliza wanavyoomba maji. Mhindu kwa kawaida atasema jol, Mwislamu atasema pani. Lugha ni moja, kiu ni ile ile, na anayemimina anayaelewa maneno yote mawili. Lakini kabla glasi haijajaa ameshajua mgeni wake anasali wapi. Toleo hili linahusu watu hao, ambao kwa zaidi ya karne moja kila utaifa umewabishia hodi ukidai kuwa wenye nyumba ni wao.

Tarehe 16 Oktoba 1905 Waingereza, waliokuwa wakiitawala India, waliigawa Bengal vipande viwili. Siku hiyo mshairi Rabindranath Tagore aliwahimiza Wahindu na Waislamu wafungane mkononi uzi wa rakhi, ule ambao kwa desturi dada humfunga kaka yake. Kwangu uzi ule ni hoja nzito kuliko hotuba zote za mwaka huo. Lakini harakati za Swadeshi, zilizopinga mgawanyo huo kwa kususia bidhaa za Uingereza, zilichoma hadharani nguo za Uingereza, na mchuuzi maskini wa Kiislamu aliyeishi kwa kuuza vitambaa hivyo vya bei nafuu hakuulizwa watoto wake watakula nini. Tagore aliliona hilo, akajitenga, na mwaka 1916 akaliweka ndani ya riwaya yake Ghare Baire.

Mgawanyo wa 1905 ulifutwa 1911. Wa 1947, ulioipeleka magharibi India na mashariki Pakistan, upo hadi leo, na safari hiyo wajumbe wengi wa Bengal ya magharibi wenyewe waliupigia kura. Pendekezo la wanasiasa Suhrawardy na Sarat Bose la kuwa na Bengal moja iliyo huru lilizimika mapema.

Kisha lugha ikafanya kile ambacho dini ilishindwa. Tarehe 21 Februari 1952, mjini Dhaka, polisi waliwafyatulia risasi waandamanaji, wengi wao wanafunzi, waliotaka Kibengali nacho kiwe lugha ya taifa la Pakistan, si Kiurdu pekee. Baadhi yao wakafa. Kila mwaka siku hiyo, tangu usiku wa manane, watu huenda peku kwenye mnara wa Shaheed Minar na maua mikononi. Naiheshimu safari hiyo kwa moyo wote. Bila damu ile, uhuru wa Bangladesh wa 1971 haielezeki.

Ndiyo maana yaliyofuata yanauma. Mwaka 1972, wakati katiba ya nchi mpya ilipokuwa ikiandikwa, wananchi wote waliitwa Wabengali. Mbunge Manabendra Narayan Larma, kutoka milima ya Chittagong, alipinga: yeye ni Mchakma, na baba zake hawakuwahi kuwa Wabengali. Hakusikilizwa. Waliokataa kumezwa na Kiurdu walikuwa sasa wameshika dola, na jirani yao mlimani aliwaambia maneno yale yale waliyoiambia Karachi, mji mkuu wa Pakistan wa wakati huo, miaka 20 kabla.

Hata vitabu vya shule ya awali kwa Kichakma, serikali ya Bangladesh ilianza kuvigawa mwaka 2017 tu.